Bei ya Kutupa

Inchi themanini na tano. Tumeishusha mimi na Delmar,
ngazi kumi na tatu, kinyumenyume,
hadi chumba cha chini ya ardhi kwa Bi Arlys Kangas,
huku Duluth, Januari, ukingo wa ziwa umeganda
na pumzi zetu zinatutangulia kama wapiga mbiu.

Boksi pana kuliko mlango. Jepesi, lakini.
Mwaka nilioanza kazi hii, ya nusu ya ukubwa huu
ilitaka wanaume wanne na dua.

"Bei gani?" jirani aliuliza uani, akizoa theluji.
Delmar akamtajia.
Jirani akaegemea koleo lake:
"Hiyo ni bei ya kutupa!
Matairi yangu manne ya theluji yamenila zaidi ya hapo."

Basi tukawasha taa ya chini
tukakuta sinema.

Sinema, nawaambia. Viti saba vyekundu
vilivyong'olewa katika jumba lililofungwa ng'ambo ya daraja,
bado vina namba za shaba, 11 hadi 17.
Mazulia ukutani. Dari jeusi tii.
Spika nyuma ya kitambaa cha gunia,
pazia, na kamba yake ya kuvutia.
Na katikati, projekta ya macho matatu,
jekundu, la kijani, la buluu,
nzito kama ndama aliyelala.

"Reino," akasema Bi Arlys, kama anayemtambulisha mtu.
"Majira saba ya baridi, akitoka zamu ya usiku
kwenye gati la madini.
Aliniambia projekta ni dola mia tisa.
Risiti nimeikuta Oktoba, ndani ya buti lake la kuvulia.
Bei ya gari! Gari jipya!
Na mimi miaka ile naendesha lile la kahawia,
mlango umefungwa kwa waya."
Akacheka hadi akashika ukuta.

Nikatoboa. Vumbi la zulia likatuingia kooni.
Yeye akaketi namba 14,
akachomoa kitu sikioni, akakiweka kiganjani.

"Wewe fundi, nieleze.
Hiyo yako kila mwaka inanenepa na bei inashuka.
Hiki ni punje ya haragwe,
na kwa bei yake ningenunua televisheni tatu.
Nimenunua cha sikio moja tu.
Nikikitoa, spika zote za Reino ni makabati."

Delmar akasema viwanda. Akasema meli, akasema ushindani.
Kisha naye akainama kutafuta skrubu
ambayo haikuwa imepotea.

Tukaiwasha. Kasuku. Papai likikatwa polepole.
Rangi tamu hadi meno yanauma.
Mwanga ukafika kila kona,
ukaonyesha kiraka darini, gundi iliyochuruzika,
msumari uliopinda akauacha hivyohivyo.
Giza alilolijenga kwa miaka saba
likaisha kwa sekunde mbili.

"Na hiyo ya zamani?" nikauliza.
"Kampuni huichukua. Dola sitini."
"Mnanipa sitini?"
"Unatupa sisi, mama. Ni gharama ya kuitupa."

Akakirudisha kidude sikioni, taratibu,
kama mtu anayehakiki alichosikia.
Nikamkumbuka jirani na koleo lake.

"Iwasheni kwanza," akasema.

Feni ikakoroma. Harufu ya vumbi linaloungua.
Hakukuwa na mkanda, hakukuwa na picha,
mistatili mitatu tu ya mwanga, isiyokubali kulaliana,
mwekundu kidogo kushoto, wa buluu umepanda juu,
na tundu la pembeni likaanza kupumua joto.

"Hapa ndipo alipokuwa akipasha mikono,
kabla hata hajavua koti."

Akanyoosha yake. Nikanyoosha yangu.
Kasuku anaendelea ukutani, hana sauti, hana mtazamaji.

Kwenye fomu nimeandika:
kifaa cha zamani, mteja amebaki nacho.
Delmar alikuwa bado anavua glavu ya pili.